Macho Hayana Pazia: Mandhari ya Papo Hapo Katika Filamu Yetu

Mwanafunzi wa Kiswahili hapa Kampala akisema kwamba anashiriki kutengeneza filamu, swali la kwanza analoulizwa ni pesa zimetoka wapi. La pili ni kwa nini filamu yenyewe isiwe ya Kiganda. Sisi tulikuwa wanafunzi saba wasio na pesa, na filamu yetu ya dakika 12 ilikuwa ya Kiswahili kwa sababu ilikusudiwa kuonyeshwa chuoni tarehe 7 Julai 2025, Siku ya Kiswahili Duniani. Kazi yangu ilikuwa kushika kamera. Katika makala hii nataka kueleza mbinu moja tuliyoitumia, yaani kumwekea mwigizaji mandhari ya kubuni wakati kamera ingali ikichukua, na kueleza kwa nini nimeanza kuamini kwamba mbinu hiyo inagusa haki ya mwigizaji na hata lugha anayoizungumza.

Kwanza nieleze mbinu yenyewe kwa wasioijua. Mwigizaji husimama mbele ya kitambaa cha kijani. Kompyuta huambiwa: popote utakapoona kijani hiki, kiondoe, uweke picha nyingine mahali pake. Kijani hupendwa kwa sababu mbili. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, haina kijani kingi, kwa hiyo mwili haupotei pamoja na kitambaa. Pia kamera nyingi za kidijitali zimeundwa ili katika kila vitone vinne vinavyopokea mwanga, viwili vipokee kijani, kimoja chekundu na kimoja buluu. Kijani ndiyo rangi ambayo kamera huijua vizuri kuliko zote.

Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa baadaye, wakati wa kuhariri. Mwigizaji anamaliza sehemu yake mbele ya kitambaa, anakwenda nyumbani, na wiki mbili baadaye mhariri anamweka jangwani, baharini au mwezini. Mandhari ya papo hapo hubadilisha mpangilio huo. Picha kutoka kwenye kamera inapita kwenye kompyuta, kitambaa kinaondolewa palepale, mandhari yanaingizwa, na picha iliyokamilika inaonekana kwenye skrini huku mwigizaji angali amesimama. Wapo wanaoita jambo hili "wakati halisi". Mimi napendelea "papo hapo". Ukisema wakati halisi, msikilizaji anaweza kujiuliza ni wakati gani usio halisi.

Wazo la kumwonyesha mwigizaji mahali alipo ni la zamani. Katika filamu ya King Kong ya mwaka 1933, baadhi ya waigizaji walisimama mbele ya skrini kubwa iliyomulikwa picha kutoka nyuma. Baadaye kukaja kitambaa cha buluu, ambacho Larry Butler alikitumia katika The Thief of Bagdad ya mwaka 1940, filamu iliyopata tuzo ya Oscar kwa athari zake maalumu. Kitambaa kilimpa mhariri uhuru mkubwa, lakini kilimwacha mwigizaji peke yake. Ian McKellen, mwigizaji mzoefu wa jukwaani nchini Uingereza, ameeleza hadharani kwamba alilia wakati wa kutengeneza The Hobbit, filamu iliyotoka mwaka 2012, kwa sababu aliwekwa peke yake katika chumba cha kijani, akizungumza na picha za wenzake badala ya wenzake. Kwa upande mwingine, James Cameron alipotengeneza Avatar ya mwaka 2009 aliweza kuona kwenye kioo cha kamera dunia ya kubuni ikiwa imeshaunganishwa na waigizaji. Mwaka 2019, The Mandalorian ilitengenezwa mbele ya ukuta wa taa za LED wenye kimo cha mita sita hivi, unaoonyesha mandhari yanayosogea kadiri kamera inavyosogea.

Sisi hatuna ukuta huo. Tuna Wakaliga, mtaa wa hapahapa Kampala ambako Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, akairushia Kampala helikopta za kompyuta ambazo hazikuwahi kupaa popote. Kwa wanafunzi wa Uganda, filamu hiyo ni somo tosha kwamba ukosefu wa fedha hauzuii helikopta. Tulikuwa na kamera moja, laptopu moja, kifaa kidogo cha kuingiza picha ya kamera kwenye kompyuta, programu ya bure iitwayo OBS Studio, televisheni ya zamani tuliyoazima kwenye kantini, na mita sita za kitambaa cha kijani kutoka Kiyembe.

Hadithi yetu ilikuwa ya mwanamke anayerudi kwao Goma, anasimama kando ya Ziwa Kivu na kulisalimu ziwa. Kwenda Goma haikuwezekana. Waasi wa M23 waliuteka mji huo mwishoni mwa Januari 2025, na sisi tulikuwa tunapanga kuanza kazi mwezi Aprili. Mhusika mkuu tulimpata karibu. Ni mama wa Kikongo anayetembeza vitenge mitaani, akivibeba mkononi, na wanafunzi wengi wanamfahamu. Aliondoka Goma mwaka 2012, akavuka mpaka wa Bunagana, na hajarudi tangu siku hiyo. Sitamtaja jina. Sote tulimwita Mama.

Hapo ndipo mjadala wetu ulipoanza. Mwongozaji wetu, ambaye ni rafiki yangu na ana kipaji kuliko sisi sote, alikuwa na mpango. Tumsimamishe Mama mbele ya kitambaa, televisheni ikiwa imezimwa. Aanze kusema maneno yake. Katikati ya maneno tuiwashe ghafla, ajione amesimama mbele ya ziwa lao. Machozi yatakayokuja, alisema, hayawezi kufundishwa na mwalimu yeyote wa maigizo. Wenzetu wanne walikubali mara moja, na lazima niseme kwamba kwa upande wa filamu peke yake hoja yake ilikuwa na nguvu.

Mimi nilipinga. Nilisema kwamba machozi ya kuviziwa si uigizaji. Mwigizaji ni mtu anayejua anachokifanya na anayeweza kukataa. Mama alikubali kuigiza mwanamke anayerudi Goma. Hakukubali kurudishwa Goma bila taarifa mbele ya vijana saba na kamera. Tena aliyetoka mahali kwa sababu ya vita hana kumbukumbu ya ziwa tu. Hatukujua picha hiyo ingemwamshia nini, na hatukuwa na namna ya kumsaidia kama ingemwamshia jambo zito. Waswahili husema macho hayana pazia. Mtu akishaona hawezi kujifanya hakuona. Kwa hiyo anayeshika swichi ya televisheni ana wajibu kuliko anavyodhani.

Tulibishana kwa siku nne. Mwishowe tulikubaliana kwamba Mama aonyeshwe picha kabla, kamera ikiwa imezimwa, na yeye ndiye aamue. Mwenzetu mmoja, Mkongo, alikuwa na picha nzuri ya ziwa kwenye simu yake, aliyoipiga miaka miwili iliyotangulia akiwa upande wa Himbi. Tukaiweka kwenye kompyuta, tukamwita Mama, tukamweleza kila kitu tangu mwanzo: kitambaa hiki kitatoweka, na wewe utajiona umesimama kwenu. Akasema tuwashe.

Alitazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akasema, "Hii njo kwetu." Akainua mkono polepole, mkono wa kwenye skrini nao ukainuka, kwa kuchelewa kidogo. Tulikuwa tunachukua fremu 25 kwa sekunde, na picha ilichelewa kama fremu tano, yaani moja ya tano ya sekunde. Kwa mtazamaji si kitu, lakini anayejitazama huhisi kama kivuli chake kinamfikiria kwanza. Akaushusha mkono. Halafu akasema jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelitarajia: "Lakini hii maji haitembee."

Ni kweli. Ilikuwa picha mnato. Sisi tuliokulia mbali na ziwa hilo tuliona picha nzuri. Yeye aliona ziwa lililokufa. Kuanzia dakika hiyo Mama aligeuka kuwa mshauri wetu wa mandhari. Alituambia kwamba nyumba pembeni mwa picha ni ya mawe meusi ya volkano, yale yaliyoshuka kutoka Nyiragongo, na kwamba lazima ionekane kwa sababu mtu wa Goma ataitafuta. Alitaka pia mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, ile inayofungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu. Na alitaka jua litoke upande wake. Tulipotazama tukaelewa: mtu akilitazama ziwa kutoka Goma anaelekea kusini, kwa hiyo jua la asubuhi hutoka kushoto. Mwanga wa dirisha la darasa letu ulimpiga Mama kutoka kulia. Alikuwa amesimama asubuhi huku ziwa lake likiwa jioni.

Hii ndiyo faida ya kwanza ya mandhari ya papo hapo, na nadhani wanaofundisha filamu wangekubaliana nami. Jambo ambalo mhariri angeligundua baada ya wiki mbili, peke yake usiku, liligunduliwa na mtu mwenye kulijua, mahali ambapo lingeweza kurekebishwa kwa kuhamisha taa moja na kuziba dirisha kwa blanketi.

Faida ya pili ilitokana na kitenge. Mama alikuwa amevaa kitenge chenye majani ya kijani na maua ya rangi ya chungwa. Kwenye skrini kila jani liligeuka tundu, na kupitia matundu hayo ziwa lilionekana kifuani na magotini mwake. Kijana mmoja alicheka, kisha akanyamaza. Tukamwomba Mama, kwa adabu, avae kitenge kingine. Anavyo vingi, ndiyo biashara yake. Akakataa. Alisema kwamba siku atakayorudi ndicho atakachovaa, na kama filamu ni ya kurudi, basi ni hicho.

Mwongozaji alinitazama, nami nikamtazama. Kisha akasema maneno ambayo yalimpandisha cheo machoni pangu: "Basi tubadilishe pazia." Tulichanga pesa, tukarudi Kiyembe kununua kitambaa cha buluu. Buluu ina tabu zake. Kamera huipokea kwa udhaifu zaidi, kwa hiyo picha hupata chembechembe usipoongeza taa. Lakini kwa mandhari yenye maji na anga ina baraka yake pia. Rangi ya kitambaa hurudi na kumpaka mwigizaji kidogo kwenye mabega na nywele. Kijani mabegani mwa mtu aliye ziwani hushtua. Buluu huonekana kama mwanga wa maji yenyewe.

Mambo mengine niyaseme kwa ufupi, kwa ajili ya wenzetu watakaojaribu. Kitambaa kinyooshwe kwa pasi na kubanwa kwa vibanio vya nguo, kwani kila kunjo ni kivuli na kila kivuli ni rangi nyingine. Kimulikwe kwa taa zake, mbali na zile za mwigizaji, naye asimame mita mbili mbele yake. Kwa kuwa umeme wetu ni wa mzunguko wa 50, tuliweka kasi ya shata kuwa moja ya 50 ili taa zisipepese. Kamera ilikaa juu ya stendi bila kusogea. Ingesogea, Mama angesogea na ziwa lingebaki palepale, na udanganyifu ungeonekana mara moja. Wenye uwezo huweka vifaa vinavyofuatilia mwendo wa kamera ili mandhari nayo yageuke. Mwisho, tulirekodi mara mbili: picha safi yenye kitambaa ndani ya kamera kwa ajili ya kuhariri vizuri baadaye, na picha iliyounganishwa kwenye kompyuta kwa ajili ya kutazama tu. Umeme ulikatika mara moja tukiwa kazini. Televisheni ilizimika, kamera yenye betri ikaendelea, na hatukupoteza kitu.

Ziwa linalotembea tulilipata kwa Mama mwenyewe. Mtoto wa dada yake, ambaye bado yuko Goma, aliegemeza simu kwenye jiwe asubuhi, akachukua sekunde 40, akazituma kwa WhatsApp. Picha ilifika ikiwa na ukungu kidogo, kama picha za WhatsApp zilivyo, lakini mandhari ya nyuma yakiwa na ukungu kidogo macho humwendea mtu aliye mbele. Tuliifanya ijirudie bila kukoma. Kila sekunde 40 mitumbwi ilipita. Baada ya kama robo saa Mama aligeuka kwetu akauliza, "Ile mitumbwi haichokake?" Darasa zima likaangua kicheko, na nadhani kicheko hicho kilitusaidia kuliko mazoezi yote.

Sasa nifike kwenye lugha, maana sisi ni wanafunzi wa lugha. Maneno ya Mama tuliyaandika sisi, kwa Kiswahili sanifu, yakapitiwa mara tatu. Katika mazoezi ya mwanzo, mbele ya kitambaa kitupu, aliyasema kama mtoto anayesoma ubaoni: kila silabi mahali pake na uso umekauka. Siku ile ziwa lilipoanza kutembea nyuma yake, aliyaacha maneno yetu. Alisema yake, kwa Kiswahili cha kwao, chenye "njo" na "batoto" na "mu" badala ya "katika". Aliwaita watu wake kwa namna ambayo hatukuwa tumeiandika wala tusingeweza kuiandika. Wengine wetu tulikosa neno moja moja, lakini hakuna aliyekosa maana.

Baadaye tulipoonyesha sehemu hiyo kwa waliokuwa wakiandaa sherehe, swali liliulizwa kama inafaa kuonyesha "makosa ya sarufi" Siku ya Kiswahili. Swali hilo si la dharau. Katika nchi yetu Kiswahili kilionekana kwa miaka mingi kuwa lugha ya askari, na tangu Baraza la Mawaziri lilipokipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022, wanaokifundisha wanatamani kionekane kimevaa suti. Tulijibu kwamba mhusika ni mtu wa Goma aliye Goma, na kwamba angezungumza Kiswahili cha kitabuni mbele ya ziwa la kwao, hapo ndipo lingekuwa kosa. Sehemu ile ilibaki kama ilivyo.

Sitaki msomaji adhani kwamba sioni hoja ya upande wa pili. Mhadhiri wetu mmoja wa tamthilia alituambia kwamba mwigizaji aliyezoea kuonyeshwa kila kitu hupoteza uwezo wa kuwaza. Jukwaani mtu hupewa kigoda akakifanya kiti cha enzi. Tena skrini huvuta macho: mwigizaji huanza kujitazama yeye mwenyewe badala ya kutazama anachopaswa kukiona. Tuliona hilo kwa macho yetu. Kijana aliyeigiza mwana wa Mama alitumia siku nzima kurekebisha kola yake kwenye televisheni.

Jibu lilitoka kwa Mama, na halikuwa la kuchagua upande. Tulipofika kwenye sentensi mbili za mwisho, aliinua kiganja na kusema, "Muzime kwanza. Sasa niko naiona mu kichwa." Tukazima televisheni. Alisimama mbele ya mita sita za kitambaa cha buluu, akatazama mbali kupita kamera na kupita ukuta wa darasa, akamaliza. Ndiyo picha iliyofunga filamu. Hakutoa chozi, na mwongozaji hakuomba arudie.

Nimejifunza kutokana na tukio hilo kwamba mandhari ya papo hapo ni chakula cha kuwaza. Mtu hupewa kwa kipimo, na mwenyewe ndiye anayejua ameshiba lini. Kuyaweka baadaye kwa siri, au kuyawasha ghafla ili kumvizia, ni kumtumia mtu kama kitambaa. Kundi letu sasa lina kanuni moja tuliyoiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa kila hati: mwigizaji ataonyeshwa mahali atakapowekwa kabla ya kamera kuwashwa, na akikataa, hatawekwa hapo.

Kwa wenzetu wa vyuo vingine vya jirani, iwe Bujumbura, Kigali au Bukavu, ningependa kusema kwamba vifaa si kikwazo. Televisheni ya kantini inatosha. Ila msiende dukani kununua kitambaa kabla hamjamwuliza mwigizaji wenu atavaa nguo gani.